Usiyasage Meno ya Chaki

Mjukuu wangu Tabitha,

Jumanne iliyopita uliharibu shafti mbili za mteja, na lawama zote umeitupia chaki niliyokupa, kile kibano cha mashine ya kukereza kinachoshika chuma kwa meno. Imeniuma. Bibi yako hajambo, mahindi ya Kabungu tumeshavuna, mama yako anakusalimia. Sasa swali lako: uyasage meno ya chaki kwa grenda ili chuma kisiyumbe?

Ujanani, nilipofungua karakana yangu ya kwanza hapa Misunkumilo, kila chuma nilichokifunga kwenye chaki kiliyumba. Saa ya kupimia myumbo ilionyesha sehemu kumi na nane za mia za milimita. Nikasaga jino moja, ikapanda hadi ishirini na tano. Mzee mmoja kutoka kijiji cha Mamba, aliyeleta shafti ya mashine ya mpunga, akacheka: "Fundi, mtu anaumwa shingo, wewe unamng'oa meno?"

Nilikasirika, lakini nikaifungua chaki. Nyuma yake, pale inapokaa kwenye mashine, kulikuwa na kinyuzi cha chuma kimebanwa. Nikapafuta, nikaifunga tena, nikapima. Zikabaki saba. Hizo saba nilizitengeneza mwenyewe kwa grenda, na hakuna kitambaa cha kuzifuta.

Wewe itoe chaki, futa, kisha pima kwanza pale inapokaa. Pakiwa hapayumbi, ndipo uishuku chaki yenyewe. Kabla ya Ijumaa saa sita mchana unijibu waziwazi: meno umeshayagusa, au bado?

Babu yako