Chaja ya Saa Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Nimeamka saa kumi na moja. Sala, chai ya rangi, redio. Redio imetoa maneno machache ya taarifa ya habari, kisha ikafifia. Nimetoa betri zote nne, nimezifuta kwa kitambaa, nimezirudisha. Kimya.

Betri hizi ni za kuchaji. Aliniletea binti yetu Rozalia mwezi uliopita, aliporudi kutoka masomoni Marekani. Chaja yake iliungua siku ileile tulipoichomeka. Ilitengenezwa kwa umeme wa kwao, ambao ni nusu ya nguvu ya umeme wetu. Iliandikwa hivyo nyuma yake. Nimefundisha kwa miaka thelathini na minne kwamba swali husomwa lote kabla ya kujibiwa. Sikusoma.

Betri za kawaida sizitaki tena. Mwezi Agosti zilivuja na kula vyuma vya redio. Redio ilikuwa kwa fundi wakati shangazi yangu, aliyenilea, alipofariki Majita. Tangazo la kifo lilisomwa siku mbili mfululizo, na jina langu lilikuwamo. Kanda nzima ya ziwa ilisikia isipokuwa mimi. Nilifika kaburi likiwa limekwisha kuota nyufa.

Jambo hilo halitatokea mara ya pili. Kesho nitanunua chaja.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimekwenda mjini, Nyamagana. Enzi za duka la kaya, la bidhaa za mgao, kulikuwa na betri za aina moja au hakukuwa na betri. Nililalamika wakati ule. Leo nimehesabu chaja za aina saba katika mtaa mmoja, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyeweza kunieleza tofauti zake.

Nilimwuliza mmoja inachaji kwa saa ngapi. Akajibu, "Mzee wangu, hii ni orijino." Nikarudia swali. Akaichomeka ukutani, taa nyekundu ikawaka. "Si unaona mwenyewe?"

Niliona. Nimeinunua.

Jumatano, 5 Oktoba

Betri zimekaa kwenye chaja tangu asubuhi hadi jioni. Taa imewaka bila kukoma. Betri ni baridi kama mawe ya mtoni. Redio haisemi.

Nilizitoa betri. Taa ikaendelea kuwaka. Inawaka hata kama hakuna kitu ndani. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimekwenda kuirudisha. Bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ndivyo kilivyosema kibao kilichobandikwa juu ya kichwa cha yule kijana muuzaji. Juzi sikukisoma hicho pia.

Ijumaa, 7 Oktoba

Barua kutoka Nansio, kisiwani, imeletwa na abiria wa meli. Imeandikwa na katekista kwa niaba ya shemeji yangu Festo. Miguu imevimba, hatoki kitandani. Tusihangaike kwa sasa. Likitokea jambo watatangaza redioni, kwa kuwa simu hatuna.

Festo ndiye ndugu pekee aliyebakia kwa Mama Rozalia. Aliisoma barua mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia. Kisha akaniuliza redio itasema lini. Nimesema kesho twende kwa fundi.

Jumamosi, 8 Oktoba

Tumekwenda pamoja kwa Bugumba, fundi redio hapa Pasiansi. Nilimfundisha darasa la tano. Alikuwa mzito wa hesabu lakini mwaminifu. Alituwekea chaja mbili mezani.

Ya kwanza ni mpya, nyeupe, ina saa ndani yake. Betri zikishatimiza saa kumi na nne inajizima yenyewe. Ya pili ni kuukuu, ya bati la kijivu, nzito kama jiwe la kusagia. Haina saa. Haina taa. Mtu huhesabu saa mwenyewe na kuzitoa betri mwenyewe.

"Mwalimu, hii nyeupe ina akili kutuzidi," alisema Bugumba. "Unaweka, unakwenda zako."

Mama Rozalia aliigusa ya kijivu. "Tuchukue hii." Nikamwuliza kwa sababu gani. "Haina mambo mengi." Hiyo si sababu. Nimechukua nyeupe. Maelezo yake nimeyasoma yote, kurasa nne, kwa Kiingereza ambacho nisingekipa hata alama ya kupita.

Jumatatu, 10 Oktoba

Redio inasema. Jana betri ziliingia saa moja asubuhi, zikatoka saa tatu usiku. Chaja ilijizima kama ilivyoahidi. Leo tumesikiliza taarifa ya habari, matangazo ya vifo, hata mahubiri. Hakuna la Nansio.

Nilisema mezani kwamba kitu huchaguliwa kwa kusoma, si kwa kugusa. Mama Rozalia aliniongezea dagaa.

Jumatano, 12 Oktoba

Mgao wa umeme. Ratiba imebandikwa: Pasiansi watakata tangu saa sita mchana hadi jioni. Leo walikata saa nne. Wakarudisha saa saba. Wakakata tena saa nane.

Ratiba isiyofuatwa ni uongo uliopigwa chapa.

Jumamosi, 15 Oktoba

Siku mbaya. Nilikwenda kuzitoa betri nilizoiachia chaja kwa siku mbili, nikiamini itajizima yenyewe. Hazishikiki kwa moto. Moja imetoa ungaunga mweupe kichwani. Imekufa. Nyingine tatu haziwezi kumaliza hata tangazo moja.

Nimekaa na karatasi hadi nikaelewa. Umeme ukikatika, saa ya chaja husahau. Ukirudi, huanza kuhesabu kumi na nne upya. Umekatika mara tano. Betri zimelishwa, zikashiba, zikalishwa tena. Kurasa nne hazikutaja jambo hilo popote. Walioitengeneza hawakufikiri kwamba kuna mahali ambapo umeme huja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu.

Jioni Mama Rozalia alikwenda kusikiliza matangazo uani kwa jirani yetu Lubango. Nilipomfuata, Lubango alinipa kiti. "Karibu, Mwalimu. Tumesikia redio yako imestaafu pamoja nawe."

Waliokuwapo walicheka. Niliketi. Hakuna la Nansio. Ni aibu kusikiliza habari za shemeji yako katika ua wa mtu mwingine.

Jumapili, 16 Oktoba

Baada ya ibada nimezikuta betri tatu juu ya bati la banda la kuku, zimepangwa juani. Hivyo ndivyo kila mtu alivyofanya na betri za zamani miaka ya shida. Hizi si za zamani. Maelezo yanakataza, ukurasa wa pili.

Nilimgombeza Mama Rozalia. Nilipaza sauti. Alizikusanya moja moja kwenye khanga yake.

"Jua halina mgao, Baba Rozalia," alisema. Kisha, "Mashine yako ina akili, lakini haijui tunaishi wapi."

Hajasema nami tangu hapo. Ana haki. Nilimfokea mtu anayesubiri habari za kaka yake.

Jumatatu, 17 Oktoba

Nimerudi kwa Bugumba na chaja nyeupe. Nilijiandaa kubishana. Hakubisha. Aliinama chini ya meza akatoa ile ya kijivu, imekwisha kufungwa kwa gazeti.

"Mama aliniambia nisiiuze. Alisema utarudi."

"Alisema lini?"

"Siku ileile, Mwalimu. Ulikuwa unasoma."

Amenipa pia betri moja badala ya iliyokufa. Nilitembea hadi nyumbani na bati lile kwapani. Linaumiza mbavu.

Jumatano, 19 Oktoba

Nimefungua daftari. Umeme ukija naandika saa. Ukikatika naandika saa. Najumlisha. Jana saa sita na nusu. Leo saa tano. Bado mbili na nusu.

Mama Rozalia haangalii daftari. Hupita akizigusa betri kwa mgongo wa mkono, kama alivyokuwa akimpima Rozalia homa. Zikiwa baridi, bado. Zikiwa vuguvugu kama uji wa mtoto, zimeshiba. Nimemwambia hicho si kipimo. Saa mbili usiku amesema, "Sasa." Daftari langu lilikuwa limefika saa kumi na tatu na dakika hamsini.

Nimezitoa.

Ijumaa, 21 Oktoba

Redio inasema vizuri, na leo imesema nasi. Si kifo. Tangazo la kawaida: Mama Rozalia wa Pasiansi anaombwa kufika Nansio, kaka yake ana hali mbaya.

Tulilisikia sote wawili, ndani ya nyumba yetu. Alisimama papo hapo akaanza kukunja nguo. Atapanda meli ya kesho. Nilitaka kwenda naye. Amekataa. Wiki hii wezi wameingia nyumba mbili mtaa huu, na huenda Festo akapelekwa hospitali ya mbali. "Wewe kaa na redio. Nikitangaza, nijue kuna mtu wa kusikia."

Jumamosi, 22 Oktoba

Nimemsindikiza gatini. Kabla ya kupanda aliushika mkono wangu akaugeuza. "Mgongo, si kiganja. Kiganja chako kimekufa kwa chaki."

Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, 24 Oktoba

Umeme saa tatu tu kwa siku nzima. Nafungua redio wakati wa matangazo pekee, kisha naizima. Natamani taarifa ya habari. Najizuia.

Hakuna.

Jumanne, 25 Oktoba

Umeme haukuja kabisa. Sauti imeanza kuwa nyembamba. Lubango amenialika kwake. Nimekataa kwa adabu. Iwapo leo redio yangu itanyamaza, nitakwenda, hata kwa kupiga magoti. Lakini Mama Rozalia alisema nikae na redio.

Imemaliza matangazo. Hakuna. Nimeizima. Ninaogopa. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Jumatano, 26 Oktoba

Umeme ulikuja alfajiri. Niliweka betri saa kumi na moja na robo. Wakakata saa tano na nusu. Daftari lilisema saa sita na robo, nusu haijafika. Nilizigusa kwa mgongo wa mkono. Baridi, ila moja ilianza kupata joto. Nilisubiri umeme hadi dakika ya mwisho kabla ya matangazo, kisha nikazirudisha redioni kama zilivyo.

Niliketi na sikio juu ya redio. Wa Geita. Wa Sengerema. Wa Musoma, wawili. Kisha Nansio. Mzee Festo amefariki dunia jana jioni, dada yake akiwa kando yake. Mazishi kesho alasiri. Habari ziwafikie, na wakaanza majina. Nimesoma majina ya watoto kila asubuhi kwa miaka thelathini na minne na sikuwahi kujua jinsi inavyokuwa kulisubiri lako. Wa Bunda. Wa Bujora. Wa tano nilikuwa mimi: Mwalimu Thadeo wa Pasiansi.

Nikasema, "Nipo." Sebuleni, peke yangu.

Lubango atalala hapa kulinda nyumba. Nitapanda meli ya asubuhi.

Ijumaa, 28 Oktoba. Nansio

Tumemzika jana. Nilifika kabla jeneza halijatolewa ndani. Nilishika koleo.

Mvua ndogo tangu alfajiri. Wageni wengi wameondoka. Jana, Mama Rozalia aliponiona naingia uani, aliinuka kwenye mkeka akaja hadi niliposimama. Hakulia. Aliniuliza kama nilisikia mwenyewe au niliambiwa. Nikamwambia nilisikia mwenyewe.

Kisha akauliza kama nimezitoa betri kwenye chaja.

Nilikuwa nimezitoa.