Anayewasha Sigara

Neema, mujukuu wangu,

Huku Muhumba tuko wazima. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama wanakulisha huko Kinshasa. Nawe unauliza kwa nini watu wanadanganya katika utafiti wako wa moshi wa sigara. Umempata mtaalamu: mimi nilidanganya bila hata kujua.

Wakati wa vita tulifunga madirisha kwa kuogopa risasi. Sikuweza kukaa, nilizunguka sebuleni nikivuta. Mchana mmoja, milio ilipotulia, akaja muuguzi na karatasi ya maswali.

"Papa Zawadi, nani anavuta hapa?"

"Mimi tu."

"Na watoto?"

"Aa! Watoto wangu ni wa kanisa!"

Hapo hapo nikampa mama yako, Zawadi, sigara akaniwashie jikoni, kama watoto wote wa mtaa walivyotumwa. Alikuwa na miaka sita. Akaigusisha kwenye makala ya mbabula, lile jiko letu la mkaa, akaivuta mara mbili ili ishike moto, akaniletea huku akikohoa.

Muuguzi akasimamisha kalamu. "Zawadi, unavutaka?"

"Hapana, maman. Niko nawashia papa tu."

Nilitazama chini. "Andika wawili," nikasema.

Ningependa kukuambia niliacha siku ile. Wapi! Nilianza tu kujiwashia mwenyewe, uani, nimeinama kama mwizi wa kuku. Basi usiulize tu nani anavuta. Uliza pia nani anawasha.

Mama yako hajawahi kunilaumu. Lakini akianza kukohoa tukiwa mezani, mimi ndiye ninayeinuka na kutoka nje.

Babu yako