Tone Jeupe Asubuhi

Buyenzi, Jumapili 14 Mei 1995

Kwa binti yangu Khadidja,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri, na baridi ya Nairobi haijakuingia kifuani. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama yako Asiya goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa. Mimi nipo na saa zangu. Watu wanahama mitaa, risasi zinasikika upande wa Kamenge, na bado saa wanaleta nizitengeneze, maana hata anayekimbia anataka kujua ni saa ngapi.

Mbwa wetu Kaporali alipasuliwa Jumatano. Daktari Mirindi alimtoa mtoto wa jicho macho yote mawili, kule kwake Mutanga Sud, akafunga kliniki siku ya pili yake na kuondoka nchini na familia. Kwa hiyo tumebaki sisi na mbwa na karatasi yako ya masharti ya jaribio la dawa. Idi wa duka la jirani ananicheka: "Chabani, weye mwislamu, sasa umekuwa muuguzi wa mbwa?" Nimemjibu kwamba huyu mbwa amelinda duka langu miaka tisa, mitatu kati ya hiyo akiwa kipofu, na yeye Idi mwenye macho mawili aliibiwa mara mbili.

Masharti tunayafuata kama ulivyoandika. Mama yako anatia dawa kila alfajiri, chupa ya uzi mwekundu jicho moja, chupa ya uzi wa kijani jicho jingine. Lipi ni lipi, anajua yeye peke yake. Mimi napima uvimbe. Baada ya alasiri nafunga madirisha ya duka giza liingie, nawasha tochi niliyoifunika kwa bati lenye tundu moja dogo, na mwanga mwembamba napitisha ubavuni mwa jicho. Natazama kwa kioo changu cha kukuzia, kile cha kutengenezea saa. Jicho likiwa safi, mwanga hauonekani ndani, ni sifuri. Jicho likiwa limevimba, mwanga unaonekana kama ule unaopita chumbani mtu akifagia, nao unapanda kutoka moja hadi nne. Leo, siku ya nne: kulia tatu, kushoto tatu.

Shida yetu ni jina lake tu. Mama yako akimwita uani "Kaporali, njoo hapa!", askari wa doria wanageuka wote.

Baba yako,
Chabani


Nairobi, Ijumaa 19 Mei 1995

Baba yangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, nasoma vitabu vya udaktari wa wanyama mpaka macho yangu mwenyewe yanataka dawa. Goti la mama limeendeleaje? Mwambie asipande ngazi bila sababu, najua hatasikia.

Baba, unapima vizuri kuliko wenzangu wenye mashine. Endelea hadi siku ya ishirini na nane, tarehe saba Juni. Dawa ya uzi mwekundu ni mpya na ina nguvu, ya uzi wa kijani ni ya zamani na dhaifu, ingawa zote ni nyeupe kama maziwa. Kufikia siku ya kumi jicho moja litaanza kubaki nyuma. Usimuulize mama lolote, na yeye asikuambie, maana ukijua, jicho lako litaona unachokitaka. Pale kwenye karatasi kuna safu mbili, ya aliyetia dawa na ya aliyepima. Kila siku zijazwe majina.

Redio ya huku inataja Kamenge kila jioni. Baba mdogo Huseni ananiandikia kutoka Kigoma kwamba chumba kipo, mpande meli mje. Kwa nini hamtaki? Naogopa, Baba. Sijui kulisema kwa namna nyingine.

Barua hii anaileta Rachidi, akija kuuza mitumba yake. Mpe jibu mkononi.

Binti yako,
Khadidja


Buyenzi, Ijumaa 26 Mei 1995

Binti yangu,

Salamu nyingi. Afya yangu nzuri. Ya mama yako siwezi kukuandikia, na nisome polepole usishtuke.

Juzi Jumatano, siku ya kumi na nne, alivaa mtandio wake wa buluu akasema: "Nafika kwa Consolée, narudi mbele ya adhuhuri." Huyo Consolée ni yule rafiki yake muuguzi wa macho anayekaa Kamenge. Nikamwambia Kamenge si mahali pa kwenda kusalimia wiki hii. Akasema: "Apana, si salamu. Ni kazi." Kazi gani, hakusema. Saa tano njia ikafungwa, askari wakaingia, moshi tukauona kutoka hapa. Hajarudi.

Sasa sikia. Alhamisi asubuhi niliamka nikakuta Kaporali amekaa mahali pake pa kutiwa dawa, kwenye mkeka karibu na jiko. Pembeni mwa kila jicho kulikuwa na tone jeupe, bado bichi. Leo pia. Khadidja, mimi sikumtia. Chupa sijui hata mama yako anaziweka wapi. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani.

Nadhani alirudi alfajiri, akatia, akaondoka haraka kabla sijaamka. Alipitaje sijui, lakini yule ni mwanamke anayejua nyumba yake. Mtu aliyekufa hatii dawa, hilo angalau tukubaliane.

Siku ya kumi na sita: kulia moja, kushoto moja.

Baba yako


Nairobi, Jumanne 30 Mei 1995

Baba,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa chini. Unaumwa? Unakula? Nani anakupikia?

Nakuomba acha kupima. Nenda kwa watu wa msikiti, nenda kwa wanaopokea wakimbizi, muulizie mama. Mtafute Consolée. Mbwa ataishi hata asipopimwa.

Na nikuulize jambo moja bila kukukosea adabu. Je, si wewe unayemtia? Mtu akiwa na huzuni anaweza kuamka, akafanya kazi ya mwenzake, akarudi kulala asikumbuke. Sitakukasirikia. Ila nambari zako zinanitisha. Jicho la dawa dhaifu lilipaswa kubaki nyuma, na kwako yote mawili yanakwenda sawasawa kama miguu ya mtu. Ama hupimi, ama kuna jambo silijui.

Zitafute chupa. Zifungie ndani ya kasha lako la saa na ufunguo uuvae shingoni. Halafu uniambie.

Binti yako anayekupenda,
Khadidja


Buyenzi, Jumamosi 3 Juni 1995

Kwa binti yangu,

Nimepokea. Nakula, mke wa Idi ananiletea ugali na mboga za lengalenga, na anakaa mlangoni mpaka nimalize.

Chupa nimeziona Alhamisi, ndani ya mtungi wa mchele. Sikutazama ndani, nilizifungia kwenye kasha kama ulivyosema, ufunguo nikauvaa shingoni. Ijumaa alfajiri niliamka mapema, nikakaa kwenye kiti mkabala na mkeka, macho makavu kabisa. Kaporali akaja akakaa. Akainua kidevu. Unajua namna mama yako anavyomshika kidevu kwa mkono wa kushoto, akasogeza kope kwa kidole gumba? Kope la kulia likasogea juu. Likarudi. La kushoto likasogea juu, likarudi. Mkia ukapiga mkeka mara mbili. Nikasimama na tochi, na matone yalikuwepo.

Niliogopa, mwanangu. Mimi ninayekuandikia, mwenye miaka sitini na mmoja, nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Halafu nikasikia haya, maana naliogopa jambo ambalo mbwa analipungia mkia. Nikatoa salamu.

Leo nikafungua kasha nizikague. Chupa zote mbili zimekauka. Midomo yake imeganda dawa ya zamani, si ya jana wala ya juzi. Nimeziweka chini ya kioo na ndivyo zilivyo.

Consolée amepatikana. Yuko kwa shangazi yake Musaga. Anasema mama yako alifika Jumatano ile saa nne, akapewa chupa moja mpya, akaifunga kwenye leso, akatoka kabla ya saa tano. Baadaye zikaanza risasi. Zaidi ya hapo hajui. Imamu ameniuliza kama tusome hitma. Nimekataa. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. La mama yako lipo kila asubuhi, nitamsomeaje hitma?

Ndani ya mtungi wa mchele kulikuwa na bahasha, ameandika juu: "Khadidja, siku ya ishirini na nane." Sikuifungua. Sheria ni sheria. Rachidi anakuletea. Na Kigoma usinitajie kwanza. Akirudi akakuta nyumba tupu, atasema nini?

Siku ya ishirini na nne: kulia nusu, kushoto nusu.

Baba yako


Nairobi, Jumatano 7 Juni 1995

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa na afya ya mwili tu. Nimengoja mpaka leo kama ulivyongoja wewe, nikaifungua bahasha ya mama. Nakuandikia neno kwa neno:

"Khadidja mutoto yangu, usikasirike. Ile ya uzi wa kijani niliimwaga siku ya kwanza. Mi siwezi kuona jicho moja inakula na ingine inalala njaa, kwenye uso moja. Macho yote natia ya nyekundu. Baba yako usimwambie, ni mutu wa sheria, atasema nimeharibu hesabu. Ile chupa ulinipimia siku makumi mbili na nane, sasa itaisha siku ya kumi na ine. Nitaenda kwa Consolée, kwao iko. Nikimaliza utanigombeza, mi nitacheka. Mama yako."

Baba, sasa unajua kazi ilikuwa nini. Alikwenda Kamenge kuitafuta dawa ya hesabu yangu. Mimi ndiye niliyeweka chupa dhaifu kwenye jicho la mbwa wa nyumbani, mbele ya mwanamke niliyejua kabisa hawezi kugawa chakula bila usawa. Ni mimi niliyempeleka. Tangu asubuhi nalisema na bado halipungui.

Nimekaa na nambari zako. Dawa iliisha tarehe ishirini na nne Mei. Bila dawa, macho yangerudi mbili, au tatu, ndani ya siku chache. Hayakurudi. Kuna mtu aliyetia, macho yote mawili, sawasawa, hadi mwisho. Wewe hukujua kwamba alikuwa anatia sawasawa. Mimi sikujua. Alijua mmoja tu.

Naogopa kuliandika, lakini sina lingine la kuandika. Baba, soma hitma. Kisha panda meli. Usibaki peke yako ukimngoja, maana nadhani hayuko njiani.

Binti yako,
Khadidja


Buyenzi, Jumatatu 12 Juni 1995

Mwanangu Khadidja,

Amani ya Mungu iwe juu yako. Mimi mzima. Nakuandikia mchana, madirisha ya duka yako wazi.

Jumatano, siku ya ishirini na nane, matone yalikuwepo. Kulia sifuri, kushoto sifuri. Mwanga ulipita ndani ya macho kama hakuna kitu kabisa. Alhamisi alfajiri Kaporali akaja kwenye mkeka, akainua kidevu, akangoja. Hakuna kope lililosogea. Alingoja mpaka jua likaingia uani. Kisha akateremsha kichwa, akatazama kila pembe ya nyumba, moja moja, kwa macho yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipolia.

Ijumaa njia ilifunguliwa, nikaenda Kamenge na Consolée. Mama mmoja aitwaye Daphrose alituonyesha kaburi. Walimkuta kando ya njia Jumatano ileile aliyoondoka, adhuhuri, wakamzika palepale na mtandio wake. Wanawake wanne, na hakuna hata mmoja mwislamu, lakini walimlaza vizuri. Nimemswalia. Hitma imesomwa jana, na Idi alileta mbuzi bila kuombwa.

Daphrose alikuwa ameitunza leso ili awape wenyewe. Ndani yake ile chupa. Consolée akaitambua kwa karatasi yake. Khadidja, kifuniko bado kina pete yake ya plastiki, haijakatika. Nimekitazama kwa kioo kile ninachotazamia nywele za saa, zile springi nyembamba za ndani, pande zote, saa nzima. Hakuna ufa, hakuna tundu. Na ndani hamna hata tone.

Usijilaumu. Ungempa chupa kumi angezimwaga tisa. Nimeishi naye miaka thelathini na minne na sijawahi kumwona akimpa mtoto mmoja kipande kikubwa. Umegombezwa vya kutosha na nafsi yako, sasa acha. Yeye alisema atacheka, basi mwache acheke.

Meli inaondoka Alhamisi. Nimemwandikia Huseni kwamba tunakuja wawili, na mmoja ana miguu minne. Akichukia mbwa, atanizoea mimi kwanza.

Karatasi yako nakurudishia. Safu ya aliyepima nimeijaza. Ile nyingine niliiacha wazi tangu siku ya kumi na tano, kwa kuwa sikutaka kukuandikia uongo. Jaza wewe. Andika Asiya, siku zote ishirini na nane, na mwalimu wako akiuliza ushahidi, mwambie baba yako alipima.

Baba yako,
Chabani