Aliyebisha Hodi Jikoni

Ghuba ya Sculpin, Newfoundland
4 Machi 1999

Mjukuu wangu Selby,

Hujambo huko mjini? Mimi mzima, goti tu linanitesa. Nimesikia umeshinda, sasa wewe ni mbunge wa jimbo. Hongera, lakini usivimbe kichwa. Ghuba nzima tumekupa kura kwa neno moja ulilotamka kanisani, kwamba feri haitaondolewa. Barabara hatuna, unajua. Feri ikienda, daktari na unga vimekwenda nayo. Babu yako amelala kaburini hapa juu ya mwamba, nami simwachi. Basi kalitetee neno lako. Na ule chakula, usiishi kwa kahawa.

Bibi yako,
Dorcas Keeping

St. John's
20 Novemba 1999

Bibi, shikamoo.

Goti limepoa? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Najua umeshasikia redioni. Nilibishana na wenzangu wa chama mpaka sauti ikakauka. Mkubwa wetu akasema anayeipinga bajeti hiyo ya kuondoa feri atafukuzwa chamani. Nikawaza, nikifukuzwa, nani atawasemea? Nikasimama nikasema ndiyo. Feri itakoma Juni. Serikali itawahamisha nyote, mradi karibu kila mtu akubali kwa kura. Nitakuja mwenyewe kuwaeleza. Nisamehe.

Mjukuu wako,
Selby

Ghuba ya Sculpin
30 Mei 2000

Mheshimiwa Keeping,

Afya yako naijua, nimekuona umenenepa. Yangu usiiulize.

Ulikuja na maofisa wako wawili ukabisha hodi jikoni kwangu. Nikadhani ni polisi. Tangu nizaliwe, hakuna mtu wa ghuba hii aliyebisha hodi kwa jirani. Watu huingia, huvuta kiti, hujimiminia chai. Hodi ni ya wageni. Nikafungua, kumbe ni wewe uliyejifunza kutambaa kwenye sakafu hiyohiyo, kofia mkononi.

"Samahani, Bibi, tunaweza kuingia?"

"Ingieni, mabwana."

Ukacheka, ukidhani natania.

Kule kwenye mkutano wako wa kutueleza habari ya kuhama, jirani yangu mzee Absalom alikuuliza, "Selby, mwanangu, na mke wangu kaburini naye atapiga kura?" Ukainamia makaratasi yako. Ungemtukana ingekuwa afadhali.

Jana tumepiga kura. Niliapa kukataa, na bila mimi hesabu yenu isingetimia. Lakini Absalom anakojoa damu, na feri ikikoma hatamwona daktari tena. Nikikataa, yeye anafia hapa kwa ukaidi wangu. Nikaandika ndiyo. Kisha nikapanda mwambani kumwambia babu yako. Nilikaa mpaka baridi ikaniingia mifupani.

Tunaondoka wote Jumamosi. Umeme utakatwa nyuma yetu. Watu wa kukuchagua hapa wamekwisha, kwa hiyo neno lako halidaiwi tena na mtu yeyote.

Nyumba niliyopewa sijui iko mtaa gani, na nikijua sitakuandikia.

Dorcas Keeping