Mikono Uliyonificha, Baba

Baba,

Nimekaa ndani ya lori letu la kuvuta magari hapa juu ya mteremko wa Sachangwan, nimezima injini, karatasi iko juu ya usukani. Nyumbani Mama angeniona nikiandika, aanze kulia upya. Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike. Lakini leo nimeshtuka kuliko hata ile Jumapili uliposinzia kwenye kiti baada ya kanisa na hukuamka.

Nianze na koti. Mama alinituma nilitoe nyuma ya kiti cha lori alifue. Mfukoni nikapata daftari la shule, kama yale watu hununua kwenye geti la hospitali ili daktari apate pa kuandika. Juu jina lako, ndani tarehe tu: Jumatano, Jumatano, Jumatano. Sisi tulijua Jumatano unaenda Nakuru kutafuta spea. Mama, nikuambie ukweli, alikuwa ameshaamua una mwanamke huko, maana spea zenyewe hazikuonekana. Mimi, kwa kuona daftari, nikasema ni kliniki ya presha. Nikateremka hospitalini Nakuru kuwaambia wasikungoje tena. Si heshima mtu kungojwa na ameshazikwa.

Dirisha la presha hawakujui, Baba. Nesi alifungua daftari, akaziona zile Jumatano, akanitazama, akanipeleka hadi mlango wa mwisho, kwa mama mmoja mwenye sweta ya kijani. Kumbe ni mshauri. Kazi yake ni kukaa na watu walioona mabaya, wayaseme mpaka yapungue uzito. Nilisimama pale mlangoni nikamwambia amekosea mtu. Baba yangu? Yule wa, "Sisi tunavuta chuma, Mathe. Watu wako na wenyewe wa kuwabeba"?

Hayo ndiyo maneno uliyonilea nayo kazini. Uliniita Mathe, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yako, ingawa hukunitii hata siku moja. Magari yakigongana mteremkoni, polisi wakimaliza yao, tunaitwa. Wewe kwenye winchi, unazungusha mpini gari linyanyuke, mimi mwembamba naingia chini yake na cheni. Tukimaliza tunanawa kwa sabuni ya unga, tunakunywa chai, na hakuna kuongea.

Ndiyo maana sikukuambia habari ya ile pikapu. Dereva alikuwa amekufa na ameshaondolewa. Kando ya kiti chake kulikuwa na trei ya mayai, na hakuna hata moja lililopasuka. Mayai mazima, mwenyewe hayuko. Tangu siku hiyo sikaangi mayai, watoto wangu wanadhani yananidhuru. Nikisikia harufu tu, vidole vinakufa ganzi. Nilinyamaza kwa sababu wewe ulinyamaza, na nilidhani mwenzangu huna kinachokusumbua.

Sasa nina hasira na wewe. Nisamehe, lakini ninayo. Ulipata dawa ukainywa peke yako, nami nimekaa kando yako kwenye kiti hikihiki.

Mshauri alisema siri zako hanipi, hata nilie. Moja tu ulimruhusu, kwa sababu ulikuwa umepanga kunileta wewe mwenyewe. Aliisema polepole: "Mikono yake ilikuwa inatetemeka kwenye winchi. Aliogopa ukijua hutaingia chini ya gari tena."

Nilikaa chini, Baba. Sakafuni, na kiti kiko pale. Kumbe ndiyo sababu ulishika mpini kwa mikono miwili, nami nikikucheka kwamba umezeeka. Kumbe ndiyo sababu chai uliiacha ipoe mbele yako. Miezi yote hiyo nililala chini ya magari yaliyoning'inia kwa mikono ile, na wewe ulijua na mimi sikujua.

Yule mama hakunihimiza. Aliniambia nikanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, nitaje vitu ninavyoviona, kimoja kimoja. Nikataja dirisha, kalenda, sweta. Kisha nikamwambia habari ya mayai. Ni mtu wa kwanza kuisikia. Alisema si lazima mtu arukwe na akili ndipo aje. Alisema kuna kikundi chenu cha Jumatano, watu wa ajali, wanaovuta magari, wanaobeba majeruhi na walionusurika, na hakuna malipo. Pia kuna namba ya simu ya bure, nikizidiwa kabla ya siku hiyo. Nimeiandika nyuma ya daftari lako.

Mama nilimwambia. Alicheka hadi akashika ukuta, kisha akalia. "Kumbe nilikuwa nagombana na hospitali," alisema.

Ahadi yangu ni hii. Jumatano nitaenda, na sitasema naenda kutafuta spea. Vijana wa pale stendi tunapongojea kazi wakiniuliza, nitawaambia ninakoenda, wacheke wakitaka. Na yeyote atakayenivutia cheni nitamuuliza kila asubuhi amelala vipi, naye ataniuliza mimi.

Pumzika sasa, mzee wangu. Ulikosea kitu kimoja tu. Ungeniambia, bado ningeingia chini ya gari. Ningekushika mikono kwanza, itulie, halafu ningeingia.

Mathe wako,
Nyambura