Utitiri wa Shanga

Jumanne, Granville

Amejizungusha kwenye mkono wa Neema ninayeishi naye, si wangu. Nimemlea chatu huyu tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, na leo ametulia kwa mtu aliyekuwa akiogopa hata kufagia karibu na tangi lake.

Wiki nzima Shanga amelala ndani ya bakuli lake la maji, nami nikajigamba kwa Neema kwamba nyoka wangu anapenda kuoga. Jana akachungulia. "Wee dada, huyo haogi, anazamisha wadudu! Ulidhani yuko likizo?" Kweli, vidoa vyeusi vilikuwa vikielea.

Leo nimerudi kutoka kazini nikakuta Neema ameshamwogesha kwa maji ya uvuguvugu, ametupa maganda yote ya miti yaliyotandikwa ndani ya tangi na kutandika karatasi za jikoni. Alikuwa akimwimbia pambio la kanisani kwao. Nyoka! Nikasema asante, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda.

Neema alipokwenda zamu, nilimkagua Shanga upya. Chini ya kidevu kulikuwa na utitiri mmoja, mzima, unatembea.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sitamwambia Neema. Kesho nitamwogesha mwenyewe.