Siku Niliyomhurumia Baba Mezani

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele,
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kile kikohozi unachokificha kwenye simu kimekwisha. Usidhani sikisikii. Wifi anaendeleaje na zile zamu zake? Na wapwa zangu, wameshapona mafua? Maana nikimsahau mmoja wenu kumsalimu, wote watanuna, nimewasalimu nyote.

Mimi mwili hauna neno. Nimepata kazi ya kushona sare za shule, cherehani haipoi, na vidole vimeota sugu kama vya mchimba mitaro. Ningekupigia simu, lakini ningelia, nawe ungesingizia mtandao ukakata. Kwa hiyo nimechukua kalamu.

Ni habari ya Baba. Ulijua kwamba aliteleza bafuni, nyonga ikavimba, sasa anatembea na mkongojo. Hukujua yaliyofuata. Kaka yetu Mfamasia, tangu afungue lile duka la dawa, kila mtu kwake ni mgonjwa, hata anayepita njia. Alikuja na mpango wake kamili: Baba ahamie kwake ghorofani, nyumba hii ipangishwe. Simlaumu sana kaka yetu huyo, anaogopa kama mimi. Lakini Baba alisema humu ndani atatolewa kwa jeneza tu. Mimi nikasema Baba abaki, nitahamisha cherehani yangu chumba cha mbele nikae naye. Tukavutana mpaka hata salamu zikawa za kulazimishana.

Ndipo Baba mwenyewe aliposhusha kopo la vifungo kutoka juu ya kabati.

Najua unamsomea wifi barua zangu, naye hajawahi kuketi mezani kwetu, kwa hiyo niache nimweleze. Wifi, jambo likitushinda kwa maneno, sisi hucheza poka kwa vifungo vya nguo. Atakayemaliza na rundo kubwa, neno lake ndilo litakalosimama mwaka mzima, na hakuna kununa. Sheria aliiweka marehemu Mama. Kila mtu hupewa karata mbili za siri, na tano za wote hufunuliwa mezani; kwa za mwanzo unatia kifungo kimoja, kwa mbili za mwisho viwili, na anayetaka kupandisha anaongeza kiasi kilekile, basi. Mama hakutaka mwenye rundo kubwa amfukuze mwenzake kwa ubabe. Ubaya wake ni kwamba ukiwa na karata nzuri huwezi kuwatisha watu wakatoka. Kila mwenye tamaa anakufuata kwa bei rahisi, akiomba karata moja imwokoe.

Tulicheza jana baada ya chakula cha mchana, Baba, Mfamasia na mimi. Mkewe Mfamasia aligawa karata, kwa kuwa yeye si damu yetu na hapendelei mtu, wala mumewe. Ulipofika mgao wa mwisho, mimi na Mfamasia tulikuwa karibu sawa. Baba alikuwa amebakiwa na vichache, amevipanga mstari kama alivyokuwa akipanga herufi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu. Atakayechukua rundo lile ndiye atakayeamua Baba analala wapi.

Nikainua ncha za karata zangu. Ree mbili, Kaka. Moyo ulinipiga mpaka nikaogopa wataona blauzi inatikisika.

Nikapandisha kama ulivyonifundisha. Wote wakanifuata. Zikafunuliwa tatu za mezani: mfalme, tisa, nane. Baba akatia kimoja, tukamfuata. Ikafunuliwa ya nne, tatu ya uru, karata isiyomsaidia mtu. Hapo sasa ndipo kwenye vifungo viwili viwili.

Baba akatia viwili. Nilimjua: ana mfalme, na anaamini mfalme wake. Zamu yangu ilikuwa baada ya yake, na nyuma yangu alikuwa Mfamasia. Nilijua dawa yake pia. Ulitwambia wewe mwenyewe zamani, ukiwa na karata nzuri inayoweza kuvunjika, na aliyetia yuko mbele yako, pandisha, ili yule wa nyuma alipe mara mbili au atoke. Na Mfamasia hajawahi katika maisha yake kulipia matumaini mara mbili. Hata dukani kwake hakopeshi.

Lakini nilimtazama Baba. Alikuwa amebakiwa na vifungo viwili tu. Nikipandisha, itabidi atoe vyote, na ree zangu zimtoe mezani mweupe, nyumbani kwake, mbele ya mkwewe. Sikuweza. Nikatia viwili tu, bila kupandisha.

Mfamasia akanitazama, kama mtu aliyetajiwa bei ndogo kuliko aliyoitegemea. Akatia viwili vyake.

Kaka, pale kabla ya karata ya mwisho nilisali. Nilisali kwa ajili ya karata, aibu ilioje. Mkewe akaifunua taratibu. Saba ya kopa.

Baba akagonga meza kupitisha. Nami nikagonga. Mfamasia akatia viwili bila kuinua macho, nikajua. Baba akasukuma vyake vya mwisho. Nikalipa, si kwa kutumaini, ila nilitaka kuziona kwa macho yangu. Mfamasia akaweka sita na tano: tano, sita, saba, nane, tisa, mfululizo unaozishinda ree mbili. Alikuwa anangoja saba tu, hakuna nyingine ambayo ingemwokoa.

Hakufurahi, nataka ulijue hilo. Alisema polepole, “Dada, ungepandisha ningetupa.” Kisha akamgeukia Baba akamwambia tuyafute haya, yalikuwa mchezo tu. Baba akamkatalia. Alisema amekubali mezani na ameshindwa mezani, na sheria ya mkewe haivunjwi kwa sababu imemuuma yeye.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilimchelea mzazi, na nilivyolia jikoni sufuria zinajua. Nilikuwa nataka kumwokoa Baba, na kumwokoa kulihitaji kumpiga. Ningempokonya vile viwili, leo angekuwa anagombana nami kuhusu kelele za cherehani.

Baba alinifuata huko jikoni na mkongojo wake. Akauliza kama zile ree nilikuwa nazo tangu mwanzo. Nikasema ndiyo.

“Na hukunipandishia.”

“Ulikuwa umebakiwa na viwili, Baba.”

Akapanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Halafu akasema, bila hasira, na heri angekuwa na hasira: “Kaka yako anadhani siwezi tena, akasema wazi. Wewe ulisema naweza. Ilipofika zamu yako ukacheza nami kama mgonjwa.”



Anahama Jumamosi. Mimi ndiye ninayemfungia mizigo. Ndiyo maana barua imeandikiwa hapa. Leo asubuhi nimemkuta anafagia ua kwa mkono mmoja, mwingine kwenye mkongojo. Nilitaka kumnyang'anya ufagio. Nikajizuia, nikamwambia kona ile ameiacha. Akanijibu nikashone. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyonipa tangu jana.

Nakuomba jambo moja, na ndilo lililonikalisha hapa. Ukimpigia huko ghorofani, usimwulize nyonga. Usimwambie apumzike. Mfamasia atamwambia hayo asubuhi na jioni, na vidonge juu. Wewe mwambie mitambo ya kuchapa ya huko kwenu ni bora kuliko aliyoifanyia kazi yeye. Mbishie. Akikutukana, mtukanie mitambo yake. Akikushinda, ashinde kweli. Na ukiwa na hoja ya kumshinda, Kaka, usimwachie.

Mfamasia na mkewe wanakusalimu, Mama Mkubwa pia, na jirani yetu fundi baiskeli anauliza utakuja lini. Nibusie wapwa zangu, na wifi mpe mkono wangu. Mungu awalinde safarini na kazini, awape riziki isiyo na majuto.

Mdogo wako akupendaye, hata ukikohoa kimyakimya,

Sindano.